Sura ya Sita: Mizani ya Mtu wa Pili

Tarehe 17 Julai 2003, watu wanne waliapishwa Kinshasa kwa pamoja kuwa makamu wa rais. Jean-Pierre Bemba alitokea kwenye uasi wa MLC, Azarias Ruberwa kwenye uasi wa RCD-Goma. Abdoulaye Yerodia Ndombasi aliwekwa na upande wa Rais Joseph Kabila, naye Arthur Z'ahidi Ngoma aliwakilisha upinzani usio na silaha. Wakongomani waliuita mpango ule "moja jumlisha nne", na jina hilo limebaki midomoni mwao hadi leo. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyepigiwa kura. Bemba na Ruberwa hasa waliingia kwa sababu iliyojulikana na kila mtu: wangeachwa nje, vita vingeendelea.

Miaka mitatu baadaye nchi ikapata katiba mpya, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, na cheo cha makamu wa rais kikafutwa. Tangu hapo, rais wa Kongo akifariki au akishindwa kuendelea na kazi, kiti chake hushikwa kwa muda na rais wa Seneti, na uchaguzi mpya hutakiwa ufanyike kati ya siku 60 na 90. Kwa hiyo Mkongomani anayepiga kura ya urais hachagui mtu wa pili. Lakini siasa ya mtu wa pili haikufa. Ilishuka majimboni, ambako gavana na makamu wake hugombea pamoja, na ikahamia vyumba vya faragha ambako wanasiasa hugawana vyeo kabla ya kampeni kuanza.

Sura hii inauliza swali moja: gavana anapotajwa kwamba anafaa kuwa mtu wa pili katika nchi, tumpime kwa nini? Jibu langu linapitia wilaya mbili za Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale. Huko mizani ya kawaida ya wanasiasa imejaribiwa kwa miaka mingi, na huko ndiko ilikoonekana wazi kwamba ina kasoro.

Majirani wanavyopima

Tuanze kwa majirani, maana wao wana sheria ya mgombea mwenza na wameitumia mbele ya macho ya watu.

Kenya, mwaka 2022, muungano wa Azimio uliunda jopo chini ya Noah Wekesa ili kumtafutia Raila Odinga mgombea mwenza. Miongoni mwa waliotajwa walikuwemo magavana: Hassan Joho wa Mombasa, Charity Ngilu wa Kitui, Lee Kinyanjui wa Nakuru. Hoja ya kuwapendelea magavana haikuwa ngumu kueleweka. Gavana wa Kenya ameshaomba kura kaunti nzima, ameshaajiri, ameshapitisha bajeti, ameshagombana na wawakilishi wa wadi na kukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba ya 2010 inazitaka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hiyo gavana hana pa kujificha: fedha zilifika, je, zilifanya nini?

Tarehe 16 Mei Raila akamtangaza Martha Karua, ambaye hakuwahi kuwa gavana. Siku hiyohiyo akasema Joho atakuwa waziri wa ardhi, na Wycliffe Oparanya wa Kakamega atashika hazina. Magavana walitambuliwa kuwa watendaji, ila nafasi ya pili ilikwenda kwa mtu wa Mlima Kenya, kwa kuwa huko ndiko kura zilikopiganiwa. Siku moja kabla, William Ruto alikuwa amemtaja Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira, kwa hesabu ileile ya Mlima. Ruto akashinda. Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa Gachagua madarakani, na aliyekaa kwenye kiti chake ni Kithure Kindiki, ambaye naye alikuwa amepimwa mwaka 2022 akaachwa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hilo aliyetafuta kura peke yake alilijua baada ya kuzipata.

Tanzania ina kanuni yake: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu hutoka upande wa pili. Mwaka 2015 wengi walidhani Samia Suluhu Hassan aliwekwa kutimiza kanuni hiyo na si zaidi. Tarehe 17 Machi 2021 John Magufuli akafariki, na siku mbili baadaye Samia akaapa kuwa rais. Kongo haikuwa na mtu wa namna hiyo Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Siku kumi baadaye mwanawe, Joseph, akaapishwa, na nchi yenye mamilioni ya watu ikapata rais ambaye hakuna raia aliyempima kwa lolote.

Kutokana na mifano hiyo tunapata mawe matatu ya mizani ya kawaida. La kwanza: ataleta kura zipi ambazo mkuu hana? La pili: atamtii mkuu, au atataka kiti chake? La tatu, ambalo husahaulika hadi siku ya msiba: akilazimika kuwa rais kesho asubuhi, ataweza? Mashariki ya Kongo kuna jiwe la nne ambalo halitamkwi hadharani. Huulizwa kwa sauti ya chini, kwenye baa na kwenye nyumba za wazee: ana vijana? Na vijana maana yake ni watu wenye bunduki.

Tiketi ya Goma

Kivu Kaskazini ina wilaya sita: Beni, Lubero, Rutshuru, Nyiragongo, Masisi na Walikale. Wenyeji huigawa mara mbili kwa maneno ya Kifaransa. Beni na Lubero, pamoja na mji wa Butembo, ni Grand Nord, ambako Wanande ni wengi. Zilizobaki, pamoja na Goma, ni Petit Nord, ambako wanaishi Wahutu, Watutsi, Wahunde, Wanyanga, Wakumu, Watembo na wengineo.

Kifungu cha 198 cha katiba kinasema gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja, kisha rais huwathibitisha kwa amri yake. Katiba haisemi kwamba wawili hao watoke pande mbili. Hilo limeamuliwa na desturi, na desturi hiyo huitwa jeopolitiki: gavana akitoka huku, makamu atoke kule. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007, Julien Paluku Kahongya, Mnande aliyekuwa meya wa Beni, aliposhika ugavana na makamu wake akawa Feller Lutaichirwa wa upande wa Petit Nord. Mwaka 2019 alifuata Carly Nzanzu Kasivita, naye wa Grand Nord, na nafasi ya pili ikaenda kwa mwanamke, Marie Shematsi.

Kuchaguliwa na wabunge wachache kuna hatari yake. Mwanzoni mwa 2007, katika majimbo kadhaa ya magharibi na ya Kasai ambako kambi ya Bemba ilikuwa na wabunge wengi, ugavana ulikwenda kwa kambi ya Kabila, na tuhuma za wabunge kununuliwa zikaenea nchi nzima. Mahali ambapo watu wachache ndio wapiga kura wote, tiketi inaweza kupangwa usiku mmoja hotelini, na mkulima wa Nyabiondo au wa Kibua akasikia majina redioni asubuhi.

Hata waasi wameikubali desturi hii. M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, haikupita hata wiki mbili wakamtangaza gavana wao, Joseph Bahati Musanga, na chini yake wakaweka makamu wawili. Serikali ya Kinshasa haiwatambui. Lakini inafaa kuangalia hesabu yao: watu walioingia mjini kwa mizinga nao waliona lazima wagawe vyeo vya pili ili mji utawalike.

Aliyekuwa na cheo na aliyekuwa na ardhi

Turudi kwenye moja jumlisha nne. RCD-Goma ilipopewa nafasi ya makamu wa rais, ilimpeleka Ruberwa, mwanasheria wa Kivu Kusini, akasimamia tume ya siasa, ulinzi na usalama. Goma alibaki Eugène Serufuli Ngayabaseka, gavana tangu mwaka 2000. Kwa mizani ya kawaida Serufuli alikuwa na uzito mkubwa kuliko bosi wake. Alikuwa na watu, kwa sababu yeye ni Mhutu, na Wahutu ni wengi mno katika Petit Nord. Alikuwa na jumuiya yake, TPD, iliyofika hadi vijijini. Na alikuwa na vijana: wanamgambo wa ulinzi wa mitaa, maelfu kwa maelfu, waliotii Goma kabla ya kutii Kinshasa.

Ruberwa alikuwa na ofisi Kinshasa na Serufuli alikuwa na ardhi. Kabila aliliona hilo mapema. Mwaka 2004 magavana walipogawanywa upya baina ya makundi, Serufuli alibaki Goma, na kadiri miezi ilivyopita akazidi kusogea karibu na rais. Agosti mwaka huo, baada ya wakimbizi wa Kibanyamulenge kuuawa Gatumba nchini Burundi, Ruberwa alitangaza kwamba chama chake kinasimamisha ushiriki wake serikalini. Hazikupita wiki nyingi akarudi. Hakuwa na mahali pa kusimama nje ya ofisi ile.

Julai 2006 wananchi walipiga kura ya urais, na Ruberwa, makamu wa rais kwa miaka mitatu, akapata asilimia 1.69. Bemba alifika duru ya pili na kupata karibu asilimia 42 dhidi ya 58 za Kabila. Wote wawili walikuwa na cheo kimoja, lakini Bemba alikuwa na watu waliomchagua na Ruberwa alikuwa na mkataba tu.

Mtu anaweza kusema, basi angechukuliwa Serufuli, gavana mwenye uzito. Hapo ndipo mizani ya kawaida inapodanganya. Uzito wa Serufuli ulitokana na jeshi la mitaa ambalo gavana hapaswi kuwa nalo. Ukimpandisha cheo mtu kwa sababu ana vijana, unawafundisha magavana wote wajao kwamba njia ya kwenda Kinshasa hupitia kwenye kambi. Na Masisi waliisikia elimu hiyo vizuri. Laurent Nkunda alilijenga kundi lake la waasi, CNDP, katika vilima vya huko, na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009 ukaigeuza CNDP kuwa chama cha siasa na askari wake kuwa askari wa taifa. Miaka mitatu baadaye tarehe hiyohiyo ikawa jina la uasi mpya: M23.

Miaka kumi na miwili ya Paluku

Mtu wa kupimwa kwa haki zaidi ni Julien Paluku, kwa kuwa alikaa muda mrefu: kutoka 2007 hadi 2019. Katika miaka hiyo alishuhudia vita vya CNDP, kutekwa kwa Goma na M23 Novemba 2012, ambapo serikali yake ilihamia Beni, kushindwa kwa M23 mwaka uliofuata, na mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014. Mbusa Nyamwisi, ambaye chama chake kilimlea Paluku, alipohamia upinzani, Paluku alibaki na Kabila na kuunda chama chake mwenyewe. Utawala ulipobadilika naye akajipanga upya, akawa waziri wa viwanda chini ya Félix Tshisekedi.

Weka haya kwenye mawe yetu. Kura: anazo, kwao Grand Nord. Utii: anajua kusoma upepo, sifa ambayo wakuu huipenda na kuiogopa kwa pamoja. Uwezo wa kushika nchi kesho: mtu aliyebaki gavana katika jimbo lililotekwa nusu ana uzoefu ambao mawaziri wengi wa Kinshasa hawana.

Lakini gavana wa Kongo asipimwe kama gavana wa Kenya, maana si haki. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni yabaki jimboni, yakatwe hukohuko. Majimbo yameimba wimbo huo tangu 2006 bila kupewa. Jeshi si la gavana, na polisi ni wa taifa. Tangu marekebisho ya katiba ya Januari 2011, rais anaweza kumwondoa gavana kukiwa na mgogoro. Kwa hiyo anayempima Paluku, au mwingine yeyote aliyekaa katika ofisi ile, lazima atenganishe kile alichonyimwa na kile alichoacha kukifanya. Na mahali pazuri pa kutenganisha hayo ni mbali na Goma.

Walikale: umbali kama mtihani

Walikale ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, takriban asilimia 40 ya jimbo zima. Ni karibu mara tano ya Masisi, lakini watu wake ni wachache na msitu ni mwingi. Hapo ndipo unapoona gavana anavyopima: palipo na kura chache, hapafiki barabara.

Mwanzoni mwa karne hii madini ya bati yalipatikana Bisie, ndani ya msitu. Wapagazi walitembea na magunia mgongoni kwenye njia ya matope hadi Njingala, wakilipa ushuru kwa kila aliyekaa njiani na bunduki. Karibu na hapo, Kilambo, hakukuwa na uwanja wa ndege. Kulikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichobaki kutoka enzi za Mobutu, na ndege ndogo za mizigo zilitua juu yake. Magari yaliwekwa kando, watu wakasogea pembezoni, ndege ikashuka barabarani, ikapakia magunia na kuruka kwenda Goma. Barabara iliyojengwa ili mkulima afike sokoni ikawa njia ya madini kuondoka, na mkulima akabaki palepale akiangalia.

Nani alitawala Bisie wakati huo? Kuanzia 2006 hadi 2009 ilikuwa mikononi mwa brigedi ya 85, wapiganaji wa zamani wa Mai-Mai waliovaa sare za jeshi bila kuchanganywa na jeshi. Gavana aliyesafiri kwenda Walikale alikuwa mgeni katika eneo lake mwenyewe.

Kisha akatokea Ntabo Ntaberi Sheka, mfanyabiashara wa madini aliyegeuka mkuu wa kundi lenye silaha. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kundi lake pamoja na washirika wake waliingia Luvungi na vijiji vya jirani na kuwabaka mamia ya watu. Hati ya kumkamata ilitolewa Januari 2011. Mwaka huohuo Sheka akagombea ubunge wa taifa katika jimbo la uchaguzi la Walikale. Alishindwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura, na mama aliyekimbia Luvungi aliweza kuiona picha yake. Alijisalimisha 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Jaribio lile la 2011 lilikuwa hitimisho la kawaida la jiwe la nne: kama vijana ni sifa, basi mwenye vijana atakuja kuomba kura.

Leo Bisie ni mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, ukitoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia. Machi 2025, M23 waliposogea, kampuni ilisimamisha kazi. Tarehe 19 Machi mji wa Walikale ukatekwa, na kabla ya katikati ya Aprili waasi wakawa wameondoka. Soko la bati duniani lilitikisika kwa sababu ya wilaya ambayo wanasiasa wengi wa jimbo hawajawahi kulala humo.

Masisi: kura zisizohesabiwa

Masisi ni kinyume chake. Ni ndogo, yenye vilima vya malisho, maziwa, viazi, maharagwe na ile jibini ya mviringo inayouzwa Goma. Watu wamejaa. Mgogoro wake ni wa ardhi na wa nani ana haki ya kuitwa mwenyeji. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliwahamishia huko Wanyarwanda ili wafanye kazi mashambani na migodini, wakaunda uchifu wa Gishari juu ya ardhi ya Wahunde, kisha wakaufuta mwaka 1957 na kuwaacha watu na swali lao. Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, ndani ya Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu waliuawa na watu wapatao 250,000 wakahama. Gavana wa wakati huo alishutumiwa kwa kauli za uchochezi, na mwaka haukuisha akawa ameondolewa. Katika vilima vile, maneno ya gavana mkutanoni yanaweza kuua kabla bunduki hazijafika.

Sasa tazama kura za Masisi. Uchaguzi wa wabunge wa Novemba 2011 uliharibika kiasi kwamba tume ya uchaguzi yenyewe iliomba matokeo ya Masisi yafutwe, pamoja na ya maeneo mengine sita nchini. Desemba 2023 Masisi haikupiga kura kabisa kwa sababu ya vita, wala Rutshuru. Aprili 2024 majimbo mengi yalipochagua magavana, Kivu Kaskazini haikuwamo, kwa kuwa tangu tarehe 6 Mei 2021 iko chini ya utawala wa dharura: gavana ni jenerali, makamu wake ni afisa wa polisi, wote wateule wa rais. Mmoja wa majenerali hao, Peter Cirimwami, aliuawa kwenye mstari wa mbele karibu na Sake, Januari 2025. Ujasiri wake haubishaniwi. Ila kifo chake kinaonyesha gavana amekuwa nini katika jimbo hili: kamanda, na wala si mtu wa bajeti, shule na hospitali.

Na bado Masisi hupimwa. Rubaya peke yake, mji wa migodi uliotekwa na M23 mwaka 2024, hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, metali inayotoka kwenye koltani. Kila mwanasiasa anayepanga ramani ya mashariki huiweka Masisi mezani. Wanahesabu makabila yake, migodi yake na makundi yake yenye silaha. Wapiga kura wake hawawahesabu, kwa sababu hawapigi kura.

Mkataba wa Nairobi, na Shadary

Kitaifa mchezo huu wa kupimana ulichezwa mara mbili mwaka 2018. Agosti, Joseph Kabila alimteua Emmanuel Ramazani Shadary kuwa mgombea wa kambi yake. Shadary aliwahi kuwa makamu wa gavana, kisha gavana wa Maniema, jirani ya Walikale. Hakuchaguliwa kwa yale aliyoyafanya Maniema. Alichaguliwa kwa jiwe la pili, utii. Matokeo rasmi yalimpa asilimia zisizofika 24, akawa wa tatu.

Novemba, mjini Nairobi, Vital Kamerhe wa Kivu Kusini alijitoa na kumuunga mkono Félix Tshisekedi. Walikubaliana wagawane madaraka, na zamu ya ugombea mwaka 2023 iwe ya Kamerhe. Kwa maana yote isipokuwa ya kisheria, Kamerhe alikuwa mgombea mwenza: mtu wa mashariki akimkamilisha mtu wa Kasai. Tshisekedi akatangazwa mshindi, Kamerhe akawa mkuu wa ofisi yake, na Aprili 2020 akakamatwa, akafungwa kwa kesi ya fedha za umma, halafu akaachiwa huru kwa hukumu ya mwaka 2022. Ilipofika 2023, Tshisekedi aligombea tena. Mkataba wa watu wawili hauna mdhamini. Makamu aliyepigiwa kura pamoja na rais angekuwa na wapiga kura wa kumlinda, na wapiga kura nao wangekuwa na mtu wa kumdai.

Jinsi ya kupima

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kutazama upya katiba. Mjadala ukifunguliwa kweli, cheo cha makamu wa rais kitarudi mezani, na magavana wa zamani na wa sasa wataanza kutajwa. Mapema basi, haya ndiyo maswali ambayo msomaji anapaswa kuyauliza, awe Goma, Mombasa au Dodoma.

Gavana huyu alifanya nini mahali ambapo hakuwa na kura? Usimuulize Butembo kama anatoka Butembo. Muulize Walikale. Kama alijenga zahanati Mubi au Pinga wakati hakutegemea kura za huko, huyo ana akili ya kitaifa. Kama hakufika, mueleze kwamba nchi ina Walikale nyingi.

Alisema nini kuhusu watu wa kabila lisilo lake wakati damu ilipokuwa inachemka? Tafuta hotuba zake za mwaka wa vita, uache zile za mwaka wa uchaguzi.

Ana uhusiano gani na wenye silaha? Gavana aliyeshindwa kuwanyang'anya bunduki anaweza kuwa na udhuru. Aliyewalea hana udhuru, hata kama anawaita walinzi wa mitaa, Wazalendo au vijana wa kujitolea.

Fedha chache alizopata zilikwenda wapi? Asilimia 40 hakupewa, sawa. Ushuru wa barabarani aliokusanya mwenyewe alipewa na madereva, na risiti zipo.

Na makamu wake mwenyewe alimtendeaje? Gavana aliyemfanya naibu wake pambo la kabila, akamnyima kazi na kumkumbuka siku ya picha, hatajua kuwa naibu wa mtu mwingine isipokuwa kwa kujikomba au kwa kupindua.

Kwa mizani hiyo, hukumu yangu ni hii. Hakuna gavana wa Kivu Kaskazini tangu 2000 ambaye angepita maswali yote matano, na sehemu ya kosa ni ya Kinshasa, iliyowanyima fedha, polisi na mwishowe hata uchaguzi. Lakini sehemu iliyobaki ni yetu sisi tunaowashangilia kwa sababu wana watu. Kabla ya kumtafutia gavana yeyote nafasi ya pili nchini, Masisi warudishiwe kwanza nafasi yao ya kupiga kura. Bila hiyo, kila tiketi itakayopangwa kwa jina la mashariki itakuwa imepangwa bila wenye mashariki.